Kifungo cha Maisha

Redio za nje zikitaja Rubaya hutaja madini ya koltani, na zikishamaliza koltani hutaja bunduki. Mimi ninaishi hapa na kufundisha hapa, na sikatai: vyote viwili vipo. Ila kitu kilichonikalisha chini mbele ya watoto wangu, nikashika kichwa kwa mikono miwili yenye grisi, hakikuwa hiki wala kile. Kilikuwa kidude cheusi cha plastiki chenye kichwa kama kifungo cha koti. Na vilikuwa sita.

Nianze na neno moto, msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asije akakimbilia ndoo ya maji. Huku Kivu, mashariki ya Kongo, pikipiki tunaiita moto, kama Kifaransa kinavyoiita. Nikisema moto yangu imezimika, usinitafutie kiberiti. Niliwahi kumpigia simu shemeji yangu aliyeolewa Kigoma, nikamweleza kwa furaha kwamba moto ilikuwa imegoma asubuhi nzima, lakini tuliisukuma mteremkoni ikawaka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama watoto wamepona.

Sasa moto yenyewe. Watu wenye akili zao huku kwetu Masisi hununua TVS au Boxer. Hizo ni moto zisizo na siri: injini unaiona, tanki unaliona, na kila kilichofungwa kimefungwa kwa bolti ya chuma ambayo mtu mwenye spana namba 10 na namba 12 anaifungua huku akizungumza na mkewe habari ya karo. Mimi nilitaka urembo. Nilimkuta bwana mmoja Goma anahamia Kampala, anauza moto iliyovikwa plastiki ubavuni, kifuani na mkiani, imemeremeta kama bibi harusi aliyeketishwa mkekani. Chapa yake siitaji, maana kosa halikuwa la chapa. Nilizunguka ile moto mara tatu, nikagonga plastiki kwa kucha kama mtu anayechagua nanasi, nikalipa. Sikuuliza kilichoshikilia plastiki ile. Nani huuliza bibi harusi pini zake ziko wapi?

Safari ya kuileta nyumbani ilipaswa kunifungua macho. Goma mpaka Sake hapana neno, unakwenda na ziwa mkono wa kushoto na miamba ya volkano mkono wa kulia. Baada ya Sake barabara inapanda kwenda Mushaki, na kuanzia hapo mwaka una misimu miwili tu kwa mwendesha moto: msimu wa kuteleza na msimu wa kukohoa. Nilipofika Rubaya ule urembo wote ulikuwa unapiga makofi.

Kiangazi cha 2019, miaka mitano kabla mji haujaingia mikononi mwa waasi wa M23 na shida zangu zikiwa bado za ukubwa wa kifungo, moto ilianza kukohoa. Kwenye tambarare ilikwenda vizuri. Ikiona mlima inakohoa mara mbili, mara tatu, inatetemeka, inazimika. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilisimama kando ya barabara nikatoa hukumu bila kuinama: chujio la hewa limejaa vumbi. Injini haipati pumzi. Nilivyokuwa nimeridhika na maelezo yangu, Jumatatu niliwapa wanafunzi kama mfano, nikachora na mchoro ubaoni.

Chujio lilikuwa nyuma ya ubavu wa kushoto, na ubavu wa kushoto ulishikwa na vile vidude sita. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kichina upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na picha ilikuwa moja: mkono safi, usio na mafuta wala jeraha, umeshika ubavu wa moto kama anayepokea sahani, na mshale unaoonyesha nje. Ndiyo maelezo yote. Mchoraji yule aliamini kwamba dunia ina watu wapole na vitu vitiifu.

Jina la vidude vile nililitafuta kabla ya dawa yake. Fundi wa barabarani aliviita klipsi. Muuza vipuri mmoja wa Birere, pale Goma, aliniambia kwa Kifaransa neno lililomaanisha pini za karatasi. Wanangu waliviita vile vidude. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea na hajawahi kupanda moto kwa hiari yake, alivitazama akiwa mbali akasema, "Si vifungo tu hivyo?" Ndivyo vilivyoitwa tangu siku hiyo nyumbani kwetu, na kadiri siku zilivyokwenda nikaona mzee ametaja kweli kuliko alivyokusudia. Kiswahili kina vifungo vya aina mbili. Kuna cha shati, ambacho mtoto wa miaka minne anakifungua kwa vidole. Na kuna kile anachosoma hakimu, ambacho hakifunguki mpaka rais akumbuke siku ya sikukuu.

Kwa maelezo, kitu chenyewe ni rahisi mpaka kinatia hasira. Kina sehemu mbili: mwili wenye miguu iliyopasuliwa, na pini katikati. Unapitisha mwili kwenye tundu, unabonyeza pini, miguu inatanuka nyuma ya plastiki, basi hakitoki. Ukitaka kitoke, pini lazima iiachie miguu, miguu ikunjane. Hapo ndipo shetani alipopanga chumba, kwa sababu pini hazikubaliani juu ya namna ya kuachia. Kuna ya kusukuma: unaibonyeza ndani kidogo, milimita mbili tatu, unasikia tik, kifungo chote kinalegea. Kuna ya kuvuta: unainyanyua kwa ncha, inasimama, kifungo kinatoka. Kuna ya kuzungusha, yenye msalaba kichwani kama skrubu. Na kuna kisicho na pini kabisa, mwiba mtupu wenye meno yanayotazama nyuma kama ndoana. Hicho kilitengenezwa na mtu aliyefikiri kuingia tu.

Vikiwa safi, unaweza kuvitofautisha. Vikishapakwa vumbi la Masisi miezi sita, vyote vina sura moja. Cha kuvuta ukikisukuma unakikaza. Cha kusukuma ukikivuta unakivunja. Na bwana aliyehamia Kampala alikuwa amejaza matundu yake na chochote alichopata dukani, kwa hiyo ubavu wangu wa kushoto ulikuwa mkutano wa vyama vyote.

Haya yote niliyajua baadaye. Jumamosi ile saa mbili asubuhi nilijua kitu kimoja tu, kwamba nina turnevisi. Ndiyo bisibisi yenu. Nina moja, pana, iliyoliwa pembe, imefungua makopo mengi ya rangi kuliko skrubu.

Kifungo cha kwanza kilikuwa na msalaba. Nikafurahi, nikaweka turnevisi, nikazungusha. Kikazunguka. Nikazungusha tena. Kikazunguka tena, laini, bila ugomvi, kama mtu anayekuitikia "ndiyo, ndiyo" huku akisoma gazeti. Hakikupanda hata unene wa unywele. Nilizungusha mpaka jirani upande wa pili wa ua akamaliza kikombe chake cha chai, akanawa, akaja kutazama.

Nikiwa nazungusha, niliinua macho nikaona kilima cha machimbo. Wanaofanya hesabu za madini wanasema machimbo ya Rubaya hutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, na kilicho ndani ya koltani, kinachotafutwa na wote, ni tantali. Mswidi mmoja, Anders Gustaf Ekeberg, aliigundua mwaka 1802 akaipa jina la Tantalus, mfalme wa hadithi za Kigiriki aliyehukumiwa kusimama ndani ya maji hadi kidevuni: akiinama kunywa, maji yanashuka, akiacha, yanarudi. Miaka yote nimewafundisha watoto habari hiyo bila kuielewa. Sasa niliielewa. Kitu kipo mkononi, kinakubali kuguswa, kinakubali kuzungushwa, na hukipati. Mfalme yule angalau hakuwa na jirani anayetazama.

Jirani yangu ni mchimbaji. Ana mabega ya mlango na kidole gumba ambacho kingefaa kugonga misumari. Alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, nimesikia unashindana na kifungo."

"Sishindani, ndugu yangu. Nakichunguza."

"Ngoja nilete mtaimbo."

Nilimsihi asilete mtaimbo. Alicheka, akasema ametoa mawe makubwa kuliko nyumba hii, leo ashindwe na kitu cha shati? Kabla sijajibu aliweka kile kidole gumba juu ya kifungo cha pili akabonyeza. Tik. Mimi na yeye tukatazamana kwa furaha. Kisha akaendelea kubonyeza, maana mtu mwenye nguvu hajui mahali pa kusimama, na pini yote ikazama, ikapotea, tukasikia inaanguka huko ndani ya ubavu: kala, kala, ka.

"Imeingia," akasema.

"Imeingia wapi?"

"Ndani."

Kifungo kile kilikuwa cha kusukuma, kwa milimita tatu, naye alikipa kumi na tano. Tangu hapo, moto ikiguswa tu, ikawa inalia kama kayamba.

Watu wakaongezeka. Rubaya Jumamosi kila mtu anapita, na moto iliyolazwa uani haina tofauti na msiba: hakuna anayepita bila kutoa pole na wazo. Akili ni nywele, na siku ile kulikuwa na vichwa vingi. Mmoja alisema nimwagie mazuti, yaani dizeli. Mmoja alisema niwashe mshumaa chini yake, nikamweleza kwamba tantali ya kilima kile huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 3,000, lakini nailoni ya vifungo hivi haifiki hata 300, na kabla kifungo hakijayeyuka ubavu wote ungekuwa uji. Akasema basi tuombe. Mzee mmoja aliyekuwa anashuka na chukudu yake, ile skuta ya mbao ya huku kwetu, imebeba magunia ya viazi kuelekea Sake, aliiegemeza ukutani akaja kuuliza nani amekufa.

Nilimwonyesha. Alitazama vifungo, akatazama chukudu yake: mbao, misumari, mpira wa tairi kuukuu uliozungushiwa gurudumu. Ikivunjika anakata mti, anachonga kwa panga, kabla jua halijazama anaendelea na safari. "Mwalimu," aliniuliza kwa adabu, "hii uliinunua au ulikopeshwa?" Nikasema niliinunua. "Na huwezi kuifungua?" Sikumjibu. Goma wamesimamisha sanamu ya chukudu katikati ya njia panda, inang'aa rangi ya dhahabu. Sijasikia mji wowote uliosimamisha sanamu ya kifungo cha plastiki.

Kwa hasira ya swali lile nikachukua koleo. Nikakibana kifungo cha tatu kichwani nikavuta kama anayeng'oa jino. Kichwa kikatoka, mwili ukabaki. Kikaruka hewani, kikaanguka karibu na jogoo wetu, naye hakuuliza maswali, akakimeza. Watoto wakapiga makofi. Hesabu ilikuwa hivi: kimoja kinazunguka, kimoja kimezama, kimoja kiko tumboni mwa jogoo, na bado ilikuwa saa nne.

Hapo nikafanya jambo ambalo sijivunii. Mke wangu alikuwa sokoni. Nilikumbuka kwamba mafundi wa mjini hutumia kitu laini kunyanyulia plastiki, kisiikwaruze. Kitu laini, kipana, chenye ncha nyembamba na mpini mrefu. Nikaingia jikoni nikatoka na mwiko.

Kuna sababu lugha yetu ilitumia neno moja kwa kile cha kusongea na kile kisichofanywa. Mwiko wa jikoni kuutumia kwenye moto ni mwiko, na moto ninayosema hapa ni ile yenye magurudumu. Ule mwiko ulikuwa umezoea moto tangu uzaliwe, lakini haukuwa umezoea moto hii. Ulipasuka kwa urefu, kimya kimya, kama unavyopasua kuni. Nikauficha nyuma ya pipa. Na kwa kuwa mtu aliyekwisha iba mbuzi haoni taabu kuongeza kamba, nikarudi ndani nikachukua uma.

Nyumba yetu ina uma mmoja. Watu wa nyumbani tunakula kwa mkono na kijiko. Uma ni wa mgeni, na mgeni mwenyewe ni padri akija. Unakaa kabatini umefungwa kitambaa. Niliupitisha chini ya kifungo cha nne, jino moja upande huu wa shingo, jino moja upande ule, nikaegemeza mpini taratibu. Msomaji, kilitoka. Kilitoka kizima, kimya, miguu yake imekunjana kama ya nzige aliyekufa. Nilikiinua juu. Mchimbaji aliitikia kwa sauti ya mtu aliyeona mwamba umefunguka. Kwa nini kilitoka? Kwa sababu uma unanyanyua pande mbili kwa mara moja, na turnevisi inanyanyua upande mmoja ikikibinya upande wa pili. Nilitoa maelezo hayo kwa sauti ya darasani. Nikaupitisha uma kwenye kifungo cha tano, nikaegemeza, na jino la uma likakunjika likatazama mbinguni.

Wakati huohuo mlango wa ua ukafunguka.

Yaliyosemwa na mke wangu nitayafupisha. Alitazama uma. Akatazama pipa, maana mpini wa mwiko ulikuwa umechungulia. Akauliza padri anakuja lini, ingawa alijua kuwa ni kesho. Kisha akasema, "Mwalimu," na akiniita mwalimu badala ya baba watoto, hata jirani huanza kutafuta njia ya kutokea. Wote walikumbuka shughuli zao kwa mara moja. Alibaki mzee wa chukudu peke yake, naye alibaki kwa sababu alikuwa anafurahi.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Nyumbani kwetu mambo yana adabu yake: mama mkwe hanikosoi uso kwa uso, nami simjibu uso kwa uso. Kukiwa na neno, linapitia kwa mjukuu, hata kama sote tumekaa hatua tatu kutoka mjukuu huyo. Alimwita binti yangu mdogo.

"Mwambie baba yako kitu kikavu hakikunjwi. Kinavunjika."

"Baba, bibi anasema kitu kikavu hakikunjwi, kinavunjika."

"Mwambie bibi nimesikia."

"Mwambie tukisuka kikapu, mafunjo tunayaloweka kwanza. Hata mtoto anajua. Maji ya moto yapo jikoni."

Mimi ndiye ninayefundisha fizikia katika nyumba ile. Nailoni aliitengeneza Mmarekani Wallace Carothers katika maabara ya DuPont mwaka 1935. Kazi yake ya kwanza dukani ilikuwa nywele za mswaki, mwaka 1938, kabla ya soksi za kina mama zilizoipa umaarufu. Na kila anayeijua nailoni anajua tabia yake moja: inakunywa maji. Ikinywa, inalainika, inakubali kukunjwa. Ikikauka juani inakuwa kama kucha ya mzee. Nilikuwa na elimu hiyo yote kichwani, na nilikuwa nimeketi nayo juani tangu saa mbili bila kuitumia. Mama mkwe hajui jina la Carothers. Anajua mafunjo.

Binti akaleta birika. Tukaweka kitambaa juu ya ubavu, tukamwagia maji ya moto, tukaacha. Tukamwagia tena. Wakati tunangoja, mke wangu, ambaye alikuwa bado hajanisamehe lakini alitaka uma wake usiwe umekufa bure, alituma aitwe kijana wa gereji ya njia panda.

Kijana huyu namjua. Nilimfundisha miaka miwili na mtihani wa mwisho nilimpa 4 kwa 20. Nakumbuka kwa sababu swali alilokosa lilikuwa la wenzo. Alifika na mfuko mdogo, akanisalimu kwa mikono miwili, "Shikamoo mwalimu," bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililoniuma. Hakutoa spana. Alitoa mswaki mkuukuu, akachovya kwenye yale maji ya moto, akaanza kusugua vifungo kimoja kimoja kama anayewasafisha watoto meno kabla ya misa. Nailoni inasafisha nailoni. Vumbi lilipotoka tuliona kwa mara ya kwanza tulichokuwa tunapigana nacho.

"Hiki cha kuzungusha, mwalimu. Ukizungusha bila kukinyanyua hakisikii, meno yake yamekwisha." Akapitisha ncha ya kisu chini ya kichwa cha pini, akanyanyua huku anazungusha. Kikapanda. Kile kile kilichonizungusha asubuhi nzima.

"Hiki cha kusukuma." Kilikuwa kile cha tano, kilichokunja uma wa padri. Akakigusa pini kwa ncha ya kalamu ya Bic, kidogo tu, tik, akasimama hapo hapo. Kisha akakitoa kwa vidole viwili. Mchimbaji, aliyekuwa amerudi na kuchungulia juu ya ua, akatazama kidole chake gumba kwa mawazo.

Kilibaki cha sita, chini kabisa, karibu na gurudumu la nyuma. Nilikuwa namulika kwa simu, na nikikumbuka kwamba ndani ya simu zipo kapasita za tantali, huenda punje ya kilima kile ilikuwa inanisaidia kutazama aibu yangu. Kijana alikisugua, akakitazama, akakisugua tena. Hakikuwa na pini. Hakikuwa na msalaba. Kilikuwa ndoana.

"Hiki hakitoki, mwalimu."

"Hakitoki kabisa?"

"Hiki kilizaliwa humo. Kifungo cha maisha." Kisha akaushika ubavu juu, akauvuta taratibu, nao ukageuka kwenye kile kifungo cha sita kama mlango kwenye bawaba, ukafunguka. Hapakuwa na haja ya kukitoa.

Ndani tulikuta pini iliyozamishwa na mchimbaji, nzima. Tulikuta jani kavu na buibui mwenye familia. Na tulikuta, kimebandikwa kwa selotepu kwenye upande wa ndani wa ubavu, kifuko cha nailoni chenye vifungo viwili vipya. Akiba. Bwana wa Kampala alikuwa mtu mwema, aliwaza habari ya mwenzake atakayekuja, akaweka ufunguo wa stoo ndani ya stoo. Niliketi chini. Ndiyo pale niliposhika kichwa. Kijana alivipima, akasema vinataka tundu la milimita 8, na matundu yangu ni ya 6.

Chujio lilikuwa na vumbi, sikatai, lakini si la kuua mtu. Kijana alilikamua kwenye maji ya sabuni, akalianika, akalipaka mafuta kidogo, akalirudisha. Vifungo vitatu vilirudi: cha nne, cha tano, na cha pili baada ya kuunganishwa na pini yake. Kabla ya kuvirudisha alizisukuma pini kwanza zisimame nje, akaweka mwili tunduni, kisha akabonyeza mpaka zikalala sawa. Nilikuwa karibu kuandika. Mahali pa kile chenye meno yaliyokwisha alifunga kamba ya plastiki yenye meno, ile ya kufungia nyaya, ambayo nayo ina ukoo wake: Maurus Logan aliibuni Marekani mwaka 1958 kwa ajili ya nyaya za ndege. Mahali pa kile kilichomezwa na jogoo tulipitisha kipande cha mpira wa tyubu, tukakaza fundo. Mzee wa chukudu alilikagua fundo lile kwa mkono, akatingisha kichwa kwa kuridhika, akaondoka na viazi vyake. Kati ya vyote sita, ndicho kitu pekee alichokiheshimu.

Jumatatu nikawasha moto, nikapanda mlima. Ikakohoa mara mbili, mara tatu, ikatetemeka, ikazimika.

Niliisukuma mpaka njia panda. Kijana hakuuliza kitu. Alichuchumaa, akaweka kopo la maziwa chini ya kabureta, akachukua turnevisi yangu, ileile iliyoliwa pembe, akalegeza skrubu moja ya shaba chini ya kibakuli cha kabureta. Skrubu ya kweli, iko nje, haijafunikwa na chochote, mtu anaifikia akichuchumaa tu. Koponi ikamwagika petroli, na chini ya petroli, yametulia kama yai, tukaona maji.

"Petroli unanunua wapi, mwalimu?"

Nilinunua kwa wale vijana wa barabarani tunaowaita Kadhafi, kwenye chupa, kwa sababu wako karibu na nyumba. Maji huwa chini ya tanki. Kwenye tambarare hayasumbui, moto ikiinua pua kupanda mlima yanateremka kwenye kabureta. Kijana aliyasema hayo kwa sentensi mbili, polepole, akikwepa macho yangu, kama mtu anayemsahihisha baba yake mbele za watu. Akakaza skrubu. Kazi yote haikuzidi dakika moja. Nilimuuliza ni kiasi gani, akasema, "Hapana, mwalimu, hii si kazi."

Mwiko mpya nilinunua Jumanne. Uma tuliunyoosha kwa nyundo, na padri alikula Jumapili ile bila kusema lolote, ingawa nilimwona akiugeuza mara mbili. Jogoo alikuwa mzima hadi Noeli. Ubavu wa moto umeshikwa mpaka leo na vifungo vitatu, kamba moja, mpira mmoja, na yule mfungwa wa maisha kule chini, ambaye ndiye pekee asiyewahi kulegea.

Kwa hiyo kama unasoma haya na unakuja Rubaya, ukipita Birere niulizie viwili. Vya milimita 6, msomaji, si 8. Vyeusi. Na tafadhali viwe vya kusukuma.